Miaka ya Mzee Faustini

Wachumi wa afya ni watu wa ajabu kidogo. Daktari atakuuliza unaumwa wapi. Mchumi wa afya atakuuliza uko tayari kutoa nini ili usiumwe. Dokta Jovina Ndassa aliishi kwa swali hilo tangu alipotoka chuoni. Alianza nalo katika wodi za wagonjwa wa akili, akaenda nalo majumbani kwa wazee wanaotunzwa na ndugu zao, wale wasioonekana hospitalini wala kwenye mipango ya wakubwa. Likampa shahada ya tatu, mialiko ya mikutano, na jina. Ukisikia redioni mwanamke akibishana kwamba mzee aliyepotewa na akili naye ana haki ya kuhudumiwa, na kwamba binti anayemwogesha kila asubuhi anafanya kazi kama kazi nyingine, mara nyingi ni yeye. Alikuwa hodari, alikuwa mkali, na wanafunzi wake walimwogopa.

Lakini nyumbani kwao Kaniha, wilaya ya Biharamulo, kulikuwa na mzee mmoja asiyemjua kabisa, naye ni mama yake mzazi.

Mama Magdalena alianza kwa kusahau chumvi. Kisha akasahau njia ya kanisani, kisha jina la marehemu mumewe, na mwishowe akawa anamwita Jovina "yule dada wa mradi". Jovina aliujua ugonjwa ule kwa takwimu na kwa majedwali, na alijua kwamba aliyekwenda huko harudi. Kwa hiyo hakuomba makubwa. Aliomba siku moja tu ya kuitwa Jovina na mama yake kabla udongo haujawatenganisha. Usomi wote ule, na haja yake ilikuwa hiyo.

Kiangazi kile mradi ulimpeleka wilaya ya Ngara, kata ya Murusagamba, kule ambako mlima wa pili ukiuona ni Burundi. Alipita Kaniha kwanza, akalala. Asubuhi mama alimtazama akinywa uji, akamwinamia Suzan, mke wa kaka yake Jovina, ambaye ndiye aliyemtunza. "Huyu mgeni anakula sana," alinong'ona, nong'ono la kusikika mpaka uani. "Atatumaliza." Suzan alicheka kwa aibu. Jovina naye akacheka, akaaga, akapanda gari, na walipofika barabarani akalia mpaka Nyakahura. Saidi, dereva wake, mtu wa familia ya wafanyabiashara wa Biharamulo mjini, kwa kawaida alikuwa na maneno mengi kuliko redio. Siku ile aliiachia redio izungumze peke yake.

Kazi yenyewe ilifanywa kwa ubao. Ulikuwa ubao wa kawaida, fundi seremala aliuchonga mfereji katikati na kutia kijiti chekundu cha kusogeza. Unamwambia mtu afikirie ataishi miaka kumi na ugonjwa huu, au ataishi michache zaidi akiwa mzima, kisha unamwomba asogeze kijiti aonyeshe angekubali kupunguziwa mingapi. Kwa jibu lake unajua ugonjwa unamlemea mtu kiasi gani. Ni njia inayofahamika duniani kote na haina ubaya. Saidi peke yake ndiye hakuipenda. "Dokta," alimwambia siku moja, "huku kwetu mtu akikuuliza utatoa nini, ujue ameshafungua mfuko." Jovina alimwambia aangalie barabara.

Mzee Faustini aliwapokea mlangoni akiwa amevaa koti na kofia, akaivua kofia, akaishika kifuani. Ukimtazama usingeweza kusema ana mzigo. Kumbe mzigo ulikuwa umekaa kwenye mkeka nyuma yake: mkewe Kankindi, mwembamba, msafi, amepakwa mafuta mpaka anang'aa, akimenya maharage yaliyokwisha kumenywa. Faustini alimwogesha, alimlisha, na kila mkewe alipoondoka kuteremka bondeni kuelekea mpakani, akisema anarudi kwa baba yake, Faustini alimfuata taratibu kwa nyuma mpaka achoke, kisha wakarudi wote. Watoto wao walikuwa wamehamia mbali. Jirani alikuwapo Irine, mke wa mpwa wao, mwenye watoto wake na mashamba yake.

"Hajaniita jina mwaka wa tatu huu," mzee alisema. "Ananiita 'bwana'. Ananishukuru. Unajua inavyouma mkeo akikushukuru kama mpita njia?"

Jovina alijua. Alitaka kusema hivyo, lakini mtafiti hatakiwi kujieleza mbele ya anayemhoji, kwa hiyo akautoa ubao.

"Mzee, fikiria ni wewe ambaye uko kama mama. Unaishi hivyo miaka kumi. Ama unaishi michache, lakini na akili zako zote. Ungekubali kupunguza mingapi?"

Faustini aliutazama ubao, kisha akamtazama Kankindi. "Ya kufikiria siijui," alisema. "Mimi ninayo ya kweli. Kuna wa kuipokea?"

"Ni swali tu, mzee wangu."

"Ego, ndiyo. Na mimi nakujibu." Akakishika kijiti chekundu kwa vidole viwili, akakisukuma mpaka kikagota. "Yote. Arudi, aniite Faustini."

Hapo Jovina alipaswa kusimama. Utaratibu unasema mtu akionekana kulichukua swali kama mapatano, mweleze upya, na asipoelewa, acha. Lakini jua lilikuwa linaelekea kuchwa, barabara ya Murusagamba haina mzaha gizani, na moyo wake ulikuwa bado umekaa Kaniha mbele ya kile kikombe cha uji. Akasema maneno aliyowaambia wote: "Tumepokea, mzee. Asante sana."

Faustini akainuka, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha pombe ya ndizi na mrija.

Sasa hapa mtu wa mbali lazima aelezwe. Upande ule ng'ombe hatolewi kwa mdomo mtupu, wala kipande cha shamba. Anayetoa huonja kwanza, kisha humkabidhi anayepokea kwa mikono miwili, naye hunywa akamaliza. Kikiisha, kitu kimehama. Mtoaji ajute asijute, watoto wake walalamike wasilalamike, hakirudi. Jovina aliyajua hayo tangu utotoni. Shamba la baba yake pale Kaniha lilipatikana hivyo hivyo. Lakini mwongozo wa utafiti nao unasema usikatae ukarimu wa mwenyeji, na msomi akiwa na mambo mawili huchagua lile lililoandikwa. Faustini akaonja. Akamkabidhi. Jovina akaupokea mrija.

Jovina akiwa anakunywa, Kankindi aliinua uso akamtazama kwa adabu, adabu ile ile ya kule nyumbani, na Jovina akawaza: kama vitu hivi vingekuwa vya kweli, ningempelekea mama. Halikuwa ombi wala sala. Lilikuwa wazo la binti aliyechoka. Lakini alikuwa nalo kinywani pamoja na pombe, akavimeza vyote viwili, na kibuyu kikaisha.

Haukupita muda mrefu, Suzan akapiga simu.

"Wifi, umekaa au umesimama?"

"Nini? Mama?"

"Kaa kwanza. Leo ameamka ameniambia, 'Suzan, Jovina yuko wapi siku hizi mbona haji?'"

Jovina aliacha mkutano, akaacha na watu waliokuwa wanamsikiliza. Alipofika Kaniha mama alikuwa mlangoni, amefunga kitambaa chake vizuri, ameshika kiuno.

"Umekonda. Huko kwenye usomi hakuna chakula?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Jovina wangu. Inuka hapo chini, utachafua gauni."

Hakuinuka upesi. Alilia huku amekumbatia miguu ya mama yake, na mama akamwacha alie, akimpigapiga mgongoni kwa kiganja kilekile kilichompiga kila alipochelewa kurudi kutoka kisimani. Siku zilizofuata zilikuwa siku za raha ambazo mtu akizipata hutaka kufunga mlango. Mama alimkosoa Suzan kwa kupika ndizi zikarojeka. Alisimulia jinsi Jovina alivyozaliwa njiani, kwenye mvua, shangazi akimtukana baba kwa kutembea polepole. Aliuliza habari za mjukuu aliyeko masomoni, akamlilia upya mumewe kwa kuwa ndiyo kwanza amemkumbuka. Daktari aliyemwona alisema yawezekana ni zile dawa za presha alizobadilishiwa, yawezekana hata ule ugonjwa wenyewe haukuwa wanavyodhani. Jovina aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili.

Kisha, mchana mmoja wa jua kali, mama akiwa anamenya ndizi barazani, akasema, "Jovina, mpe yule mzee kiti."

"Mzee yupi, mama?"

"Yule kwenye migomba. Kavua kofia, kaishika kifuani. Tangu juzi ninamkaribisha, haingii. Ana adabu mno."

Jovina aliitazama migomba. Palikuwa na majani makavu na kuku wawili. Akajitia moyo. Wagonjwa wa namna ile huona watu, na yeye mwenyewe alikwisha kuandika juu ya jambo hilo.

"Anataka nini?"

"Anamtafuta mkewe. Anauliza kama amepita hapa." Mama alikata ndizi, akaitupia kwenye sufuria. "Anasema anaitwa Kankindi."

Jina lile Jovina hakulitaja kwa mtu yeyote. Katika kazi yake majina ya watu ni amana, hata kwenye kompyuta yake Kankindi alikuwa namba tu. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akampigia Irine.

"Mzee hayupo, dokta," Irine alisema. "Tulimzika wiki ile ile mliyokuja."

"Aliumwa?"

"Hakuumwa. Alirudi kufunga mbuzi, akakaa, akasema amechoka. Basi."

"Na mama?"

"Uje umwone mwenyewe."

Hakwenda. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye kuliko ile pombe. Alibaki Kaniha akila ndizi za mama yake, na usiku alijisomea masomo aliyowafundisha wengine: kwamba mambo mawili yakifuatana haina maana moja limezaa lingine, kwamba wazee hufa, kwamba dawa hubadilishwa. Yote ni kweli. Lakini darasani hakuna mzee anayesimama kwenye migomba amevua kofia. Suzan naye alianza kuona mambo. Aliona kigoda kinatolewa barazani kila mchana na mama, kinawekwa kuelekea shambani, na mama anakaa mbele yake kama mtu mwenye mgeni asiyependa mazungumzo. Kuku hawakukikaribia kile kigoda. Watoto walikatazwa kukikalia, na hakuna aliyewaambia sababu.

Alipokwenda Murusagamba hatimaye, alimwambia mama kwamba anakwenda kazini. Saidi aliendesha bila redio. Walipita Nyakisasa, watu wakiwa wanapalilia maharage, vumbi likawafuata mpaka kwenye ule mji wa Faustini, na Jovina akamwona Kankindi kabla hajashuka.

Alikuwa amefungwa kwa kanga kiunoni, kanga imefungwa kwenye nguzo ya baraza. Nywele zake zilikuwa zimesokotana. Yale mafuta yaliyokuwa yakimng'arisha hayakuwapo, na ngozi ilikuwa imepauka mpaka viwiko vimepasuka. Alikuwa anaivuta ile kanga taratibu, anaiachia, anaivuta tena, macho yakiwa bondeni.

Irine alitoka shambani akifuta mikono. Alikuwa na haya, na haya zake zilimfanya awe mkali. "Usinitazame hivyo, dokta. Ninalima, nina watoto, huyu akiponyoka anakwenda mpakani na kule kuna maji. Mzee alikuwa anaweza kumfuata siku nzima. Mimi nimfuate na nini?"

"Sijakulaumu, mama."

"Ila mimi ninakulaumu." Irine alisimama sawasawa mbele yake. "Mzee alituita wote kabla hajafa. Akasema, nimetoa miaka yangu, yule mama wa Biharamulo amepokea, amekunywa kibuyu chote. Mtaona Kankindi atarudi. Tukangoja. Kwenye matanga tulikuwa tunamtazama yeye, siyo kaburi. Mpaka leo hakuna kitu. Sasa niambie, wewe uliyeipokea, umeipeleka wapi?"

Jovina alifungua mdomo aeleze kuhusu swali, kuhusu ubao, kuhusu kufikiria. Aliyaona macho ya Irine, akayaona na ya Kankindi, na akajua anajua kabisa imekwenda wapi. Alimchana yule mama nywele, akampaka mafuta, akaacha alichokuwa nacho cha kuacha, akaondoka kwa aibu ya mwizi.

Kaniha alimkuta mama barazani, kigoda mbele yake.

"Umetoka kwake," mama alisema. Haikuwa swali.

"Mama, tuingie ndani."

"Kaa hapa. Mimi nimezeeka, sijawa mjinga. Tangu niamke ninajua kwamba ninachokula si changu. Mtu akivaa nguo ya mwenziwe, hata ikimtosha, anaisikia begani. Wewe umefanya nini, Jovina?"

Basi akamwambia. Alimwambia juu ya ubao, kijiti, kibuyu, na lile wazo alilolimeza. Alisema kwa Kisubi, lugha ambayo hakuwahi kuitumia kwa mambo ya kazi, na kwa Kisubi hakukuwa na mahali pa kujificha. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kidogo, bila furaha.

"Mla cha mwenzio na chako huliwa. Baba yako alikuwa akisema hivyo kila siku, ukadhani ni maneno ya wazee wa pombe. Nipeleke."

"Sikupeleki."

"Jovina."

"Sikupeleki, mama! Nimekaa miaka mingapi mbele yako ukiniita dada wa mradi? Nimewatetea wazee wa nchi nzima, wangu akiwa hanijui. Nimekupata juzi tu. Yeye amekufa, hatarudi hata tukienda. Dawa ndizo zilizokusaidia, daktari amesema."

"Kama ni dawa, basi safari haitanidhuru," mama alisema. "Mbona unalia?"

Walikaa hivyo siku nyingi, mmoja akiomba, mwingine akikataa. Mama hakugombana. Aliacha kula, akisema hana hamu, na alikaa akitazama migomba kwa huruma iliyomwumiza Jovina zaidi ya matusi. "Amekonda," angesema. "Leo hata kofia haishiki vizuri." Au: "Analia, na mimi nimekaa kwenye kiti chake." Suzan alimvuta wifi yake pembeni, akamsihi na yeye pia akubali safari, kwa kuwa nyumba ilikuwa imekuwa nzito na watoto walikuwa hawachezi tena uani.

Aliyemvunja Jovina ni mama mwenyewe, asubuhi moja, akiwa anafungiwa kitambaa kichwani na binti yake.

"Kazi yako ni kuwauliza watu watatoa nini," alisema, uso wake ukiwa kwenye kioo. "Umeuliza nusu ya mkoa huu. Mimi umeniuliza?"

Jovina alimaliza kufunga kitambaa, akalainisha pindo lake, akampigia Saidi.

Walikaa viti vya nyuma wote wawili. Mama alikuwa amevaa nguo ya Jumapili. Barabara ilipokuwa nzuri walizungumza, ilipoharibika walishikana. Walipoiacha lami, mama akasema, "Haya. Niulize yote uliyotaka kuniuliza. Wakati ndio huu."

Na Jovina, mtu wa maswali, akakosa swali. Alikuwa na mengi ya miaka yote ile, lakini kila alilolishika lilionekana dogo, au lilionekana limejibiwa. Saidi mbele aliongeza mwendo kidogo kisha akaupunguza, kwa sababu hakujua lipi ni la huruma zaidi.

"Unaogopa, mama?"

"Ninaogopa sana," mama alisema. "Kule nilikokuwa ni pabaya. Si giza, ni kama kuwa nyumbani kwa watu wasiokualika. Lakini nimeshakuona. Nimekuona una mvi, nimekuona unavyolia, nimejua umekuwa mtu wa namna gani. Mtu mwenye makosa, ila anayerudisha." Akamshika shavu. "Usije ukadhani sikurudi, Jovina. Nilirudi."

Mama aliendelea kumshika mkono, na kuanzia Nyakisasa Jovina alimhesabia kila pumzi, akimtazama kila baada ya mlima, akitaja jina lake mwenyewe kwa kisingizio hiki na kile ili alisikie likirudishwa. "Jovina wako ana kiu," alisema. "Kunywa, Jovina," mama akajibu. Walipoifikia ile kona ya mwisho, alisema, "Jovina wako amechoka." Mama alitabasamu, akalitazama bonde, hakujibu. Labda hakusikia.

Irine alikuwa uani. Alipomwona yule bibi wa Kaniha akishuka bila kusaidiwa, akatembea moja kwa moja mpaka barazani kama mtu aliyewahi kufika, aliacha jembe chini. Hakuna aliyemwelekeza. Mama Magdalena aliinama, akaifungua ile kanga kwenye nguzo, akaikunja vizuri, akaiweka kando. Kisha akakaa mkekani.

Kankindi alimtazama. Alimtazama muda mrefu, paji la uso likiwa limekunjika, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akanyoosha mkono, akamgusa kidevu, akamgusa sikio, na uso wake wote ukafunguka.

"Faustini," alisema. "Ulikuwa wapi wewe?"

Irine alipiga yowe, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mama Magdalena akajibu kwa Kihangaza, lugha ya watu wa Ngara, ambayo Jovina hakuwahi kumsikia akiisema hata neno moja. Alijibu polepole, kwa sauti nzito kidogo, na Kankindi akamtikisa bega kwa hasira ya wapendanao, akaanza kumweleza mambo mengi, harakaharaka, ya mbuzi na ya mvua na ya watu wasiomfungulia kamba. Walicheka. Waliegemeana. Jua liliteremka juu ya migomba ya Murusagamba, na chini yake hapakuwa na mzee yeyote aliyevua kofia.

Jovina alingoja mpaka kicheko kikaisha. Alikwenda akapiga magoti mbele ya mkeka.

"Mama," alisema. "Mama, jioni imefika. Mimi ni Jovina."

Mama Magdalena aligeuka. Alimtazama yule mwanamke aliyepiga magoti, mvi zake, vumbi lake, machozi yake, akaona ni mtoto wa watu aliyechelewa njiani, akamhurumia kwa dhati. Akampapasa kichwani.

"Karibu, mwanangu, ila usikae sana," alisema. "Giza linaingia na njia ni mbaya. Mama yako atakuwa anakungoja."